Kuhamia shule ya biashara Marekani: kalkulasi kwanza, insha baadaye

Wengi wanaotaka kuhama chuo walichopo ili waingie shule ya biashara yenye ushindani mkali nchini Marekani huanzia mwisho. Wanakesha na insha inayoeleza kwa nini wanaipenda biashara, huku ratiba yao ya muhula ujao imejaa masomo ambayo shule wanayoilenga haitayahesabu. Hakuna insha inayoziba pengo la kalkulasi. Ombi la kuhama husomwa kuanzia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zako, na transkripti itakayosomwa Machi iliamuliwa Agosti, siku ulipojiandikisha masomo.

Sababu imo ndani ya mtaala. Shahada ya kwanza ya biashara imepangwa kama ngazi: chini kuna hisabati na uchumi, juu yake uhasibu na takwimu, kisha fedha, masoko na uendeshaji, halafu mchepuo wako. Anayehamia anaparamia ngazi ambayo wenzake wameshaanza kuipanda. Kwa hiyo msomaji wa ofisi ya udahili anajiuliza jambo moja la kimashine kabisa: huyu akiingia Agosti, anaweza kukaa darasa moja na walioko hapa tayari na kuhitimu nao? Akiona hawezi, barua za mapendekezo zinazokusifu kwa uongozi hazina pa kushika.

Je, shule hiyo inachukua wa shahada ya kwanza?

Swali linaonekana la kitoto, lakini kila mwaka linawapotezea watu muda. Shule za biashara za Harvard, Stanford na Yale hazitoi shahada ya kwanza, na Princeton haina shule ya biashara kabisa. Booth ya Chuo Kikuu cha Chicago na Kellogg ya Northwestern nazo ni za shahada za juu, ingawa vyuo vyao vina njia za kumpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ladha ya masomo ya biashara. Ukiwaandikia hao insha ya "nataka digrii ya biashara kwenu," umejimaliza mwenyewe.

Zinazochukua wa shahada ya kwanza, na ambazo majina yake hutajwa sana, ni Wharton ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1881 na kuwa ya kwanza ya aina yake katika vyuo vikuu vya Marekani. Haas ya Berkeley (1898). Stern ya New York University. Ross ya Michigan. McIntire ya Virginia. Dyson ya Cornell. Marshall ya Chuo Kikuu cha Southern California (USC). McCombs ya Texas. Mendoza ya Notre Dame. McDonough ya Georgetown. Na Goizueta ya Emory. Hazifanani hata kidogo katika namna ya kupokea wahamiaji. Kuna zinazokutaka mwaka wa pili, kuna zinazokutaka mwaka wa tatu tu, na nyingi hufungua mlango muhula wa Agosti peke yake kwa sababu masomo ya msingi huanza hapo na hayarudiwi Januari. Haas, kwa mfano, ilianza kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza moja kwa moja mwaka 2024, lakini anayehamia kutoka nje bado huingia mwaka wa tatu.

Kuna pia kuhama kwa ndani: upo tayari chuo kikuu hicho, katika kitivo cha sanaa na sayansi, unataka kuvuka kwenda shule ya biashara. Huo ni mlango mwingine, wenye fomu zake, tarehe zake na ushindani wake. Hapa ndipo ujanja mmoja unapowaponza watu: kuomba kuhamia kitivo chenye ushindani mdogo kwa nia ya kupenya biashara ukishafika. Vyuo vingi vimeshaziba njia hiyo, ama kwa kumzuia aliyehamia kutoka nje asiombe tena kubadili kitivo, ama kwa kuweka sharti kwamba uombe ukiwa mwaka wa kwanza, wakati wewe umeshaupita. Soma kanuni ya kuhama kwa ndani kabla hujatuma ombi la nje. Usisubiri ufike.

Masomo ya awali, mahali ambapo vita huishia

Majina ya masomo yanafanana karibu kila shule: kalkulasi, uchumi mikro, uchumi makro, takwimu, uhasibu, na uandishi wa Kiingereza wa ngazi ya chuo. Tatizo liko ndani ya hayo majina.

Tuanze na kalkulasi. Vyuo vingi hufundisha aina mbili: ile ya wanafunzi wa biashara, inayoruka trigonometria na kwenda haraka kwenye matumizi, na ile ya wahandisi na wanasayansi. Shule moja inakubali ya biashara bila neno. Nyingine inataka ya wahandisi. Nyingine inataka mihula miwili mfululizo. Mtu akichukua ile nyepesi apate A, akaja kugundua Februari kwamba haihesabiki, hana tena muhula wa kurekebisha. Kama unalenga shule zaidi ya moja na hujui utaangukia wapi, chukua ya wahandisi. Ni ngumu zaidi, ndiyo, lakini inapokelewa hata pale wanapotaka ile nyepesi, na kinyume chake si kweli.

Uhasibu nao una mtego wake. Huja kwa jozi, uhasibu wa fedha kisha uhasibu wa menejimenti. Kwenye vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula, jozi hiyo inaweza kukatwa vipande vitatu, na mara nyingi shule pokezi, yaani ile unayohamia, husema: leta vyote au usilete kimoja. Ukiwa na vipande viwili kati ya vitatu unaweza kuhesabiwa huna kitu.

Takwimu: angalia idara inayofundisha. Takwimu za idara ya saikolojia au sosholojia zinaweza kuwa somo zuri kabisa na bado zikakataliwa, kwa sababu shule ya biashara inataka rigresheni (kupima uhusiano kati ya vigezo) na nadharia ya uwezekano kwa kina fulani. Muhtasari wa somo ndio ushahidi wako, kwa hiyo uhifadhi tangu wiki ya kwanza.

Alama ulizopata kwa mitihani ya sekondari kama AP au IB zichunguze moja moja. Chuo chako cha sasa kinaweza kuwa kimekupa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea shahada, lakini shule pokezi haifuati uamuzi wa chuo chako. Inaanza upya, kwa vigezo vyake. Na somo la awali ulilolichukua kwa mfumo wa kufaulu au kufeli tu, bila herufi, lina hatari ya kutokubalika. Mara nyingi C ndiyo ya chini inayohamishika, na C- inabaki nyuma. Hiyo ni ngazi ya kuhesabiwa krediti, usiichanganye na ngazi ya kuchaguliwa, ambayo ni ya juu mno kuliko hapo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulipinga wakilisikia mara ya kwanza: usijaze ratiba yako masomo ya biashara. Masoko, fedha za kampuni, sheria ya biashara na usimamizi ukiyachukua katika chuo cha miaka miwili mara nyingi huhamishwa kama krediti za hiari tu, kwa sababu shule pokezi huyafundisha katika ngazi ya mwaka wa tatu na haitambui toleo la chini kuwa sawa. Utayarudia yote. Muhula huohuo ungechukua kalkulasi ya pili, uchumi mikro wa kati, au programu ya kompyuta, ungepata krediti zinazohesabika na transkripti inayoonyesha kwamba hesabu hazikutishi. Shule hizi zinapenda ushahidi wa hisabati kuliko ushahidi wa hamu.

Piga pia hesabu ya krediti. Shahada ya Marekani kwa kawaida ni krediti 120 za muhula, sawa na 30 kwa mwaka. Krediti za robo huzidishwa kwa theluthi mbili: 45 za robo ni 30 za muhula. Hapo huzaliwa kero ndogo yenye madhara makubwa, kwa sababu somo la krediti 4 za robo linakuwa 2.67 za muhula, na shule inayodai krediti 3 kamili inaweza kusema umepungukiwa. Anayetoka kwenye mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, mara nyingi hugawanya kwa mbili, yaani 60 za mwaka huwa takriban 30.

Kuna dari pia. USC haipokei zaidi ya krediti 64 kutoka nje. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California unataka walau krediti 60 za muhula, au 90 za robo, ili uhesabiwe mhamiaji wa mwaka wa tatu, lakini krediti za ngazi ya chini kutoka chuo cha miaka miwili zinazoingia kwenye shahada hufikia 70 tu. Vyuo vingi binafsi hudai ukae kwao angalau mihula minne. Kwa hiyo kuchelewa kuhama hakukupunguzii ada kama unavyodhani. Unaweza kufika na miaka mitatu mkononi ukaambiwa ubaki miwili.

Kwa walio katika vyuo vya umma vya California, kazi hii imerahisishwa na tovuti ya ASSIST, inayoonyesha somo gani la chuo chako linalingana na somo gani la Berkeley au kampasi nyingine. Ndicho chombo rasmi, na kinashinda ushauri wa rafiki aliyehama miaka mitatu iliyopita. Chagua mwaka sahihi wa makubaliano, kwa sababu hubadilika. Na jihadhari na neno "uhakika": mpango wa California wa kumhakikishia mhamiaji nafasi haupo Berkeley wala UCLA.

Nje ya California, tengeneza jedwali lako mwenyewe. Safu ya kwanza masomo ya awali, safu zinazofuata shule zako tano au sita, na katika kila kisanduku andika jina kamili la somo linalotakiwa na namba ya somo lako unaloamini linalingana nalo. Visanduku vyenye mashaka viandikie barua pepe kwa shule husika, kimoja kimoja, na muhtasari wa somo ukiwa umeambatishwa. Swali la "je, kalkulasi yangu inakubalika?" halina jibu. Swali lenye muhtasari wa somo lina jibu, na jibu hilo lihifadhi.

Mwaka wa pili au wa tatu?

Ukiomba ukiwa bado mwaka wa kwanza, una alama za muhula mmoja tu wa chuo, kwa hiyo matokeo yako ya sekondari bado yana uzito mkubwa. Kama sekondari ulifanya vizuri, huo ndio wakati wako. Kama uliteleza, mwaka mmoja zaidi wa alama safi za chuo utakusaidia.

Lakini kuingia mwaka wa tatu kuna gharama ambayo vijitabu vya udahili huinyamazia. Benki za uwekezaji huajiri wanafunzi wa mafunzo ya kiangazi mapema ajabu: nafasi za kiangazi cha baada ya mwaka wa tatu hujazwa kwa sehemu kubwa wakati mwanafunzi yuko mwaka wa pili. Mhamiaji anayeripoti Agosti ya mwaka wa tatu anakuta usaili umekwisha. Kama lengo lako ni Wall Street, unapaswa kuomba nafasi hizo kutoka chuo chako cha sasa, kabla hata hujapata jibu la kuhama. Anayelenga masoko, uhasibu au kampuni za teknolojia ana nafasi ya kupumua zaidi.

Karatasi

Shule nyingi hutumia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, lakini toleo la wahamiaji, tofauti na lile la wanaotoka sekondari. Tofauti kubwa ni kwamba unaweza kutakiwa kuandika kwa mkono wako kila somo la chuo: namba, jina, krediti, alama. Andika kama lilivyo kwenye transkripti, herufi kwa herufi, ikiwemo lile ulilofeli na lile ulilolirudia. Orodhesha kila chuo ulichowahi kusoma, hata kama ulichukua somo moja ukiwa sekondari. Chuo kilichofichwa kikija kujitokeza, nafasi inaweza kufutwa hata baada ya kukubaliwa.

Hati mbili huwachelewesha watu kuliko nyingine zote. Moja ni ripoti ya chuo, ambayo ofisa wa chuo chako huthibitisha kwamba uko katika hali nzuri kimasomo na kinidhamu. Nyingine ni ripoti ya katikati ya muhula, inayoonyesha alama zako za sasa kama walimu wanavyoziona. Tarehe za mwisho za shule nyingi huangukia Machi, mfano Virginia Machi 1 na Cornell Machi 15, wakati walimu wengi hawajasahihisha hata jaribio la kwanza. Waendee mapema, waeleze unachotaka, na uulize shule pokezi kama inakubali ripoti hiyo ifuate baadaye, nyingi hukubali.

Barua ya mapendekezo itoke kwa mwalimu aliyekufundisha chuoni, na ikiwezekana katika somo lenye hesabu. Mpe wiki nne, mpe kazi yako aliyoisahihisha na orodha ya shule na tarehe. Bosi wa kazi ya likizo na rafiki mashuhuri wa familia hawabadilishi uamuzi.

California ina njia yake. Fomu ya mfumo wa Chuo Kikuu cha California (UC) hutumwa Oktoba hadi mwisho wa Novemba au siku ya kwanza ya Desemba, miezi mingi kabla ya wengine, na ada ni dola 80 kwa kila kampasi, au 95 kwa mwombaji wa kimataifa. Haihitaji transkripti wakati wa kuomba wala alama za SAT, mtihani wa kujiunga na chuo. Badala ya insha moja ndefu unajibu maswali manne, kila moja kwa maneno yasiyozidi 350. Moja ni la lazima kwa wahamiaji, na linauliza umejiandaaje kwa mchepuo wako. Januari unarudi kuingiza alama mpya. Wengi husahau hatua hiyo, kisha wanashangaa ombi limekufa kimya kimya.

Insha

Insha ya kuhama ina kazi moja: kuonyesha kitu unachokihitaji ambacho chuo chako hakina na shule hii inacho. Kitu, si hadhi. Ikiwa unataka kujifunza hatari za bima na chuo chako kina somo moja tu la fedha, sema hivyo, taja masomo uliyokwisha kumaliza yanayokuelekeza huko, kisha sema somo au mchepuo gani wa shule pokezi unaoendelea pale ulipoishia. Ukifuta jina la shule ukaweka la nyingine na insha ikaendelea kueleweka, irudie.

Usikiponde chuo chako cha sasa. Msomaji huanza kujiuliza utasema nini juu ya chuo chake. Na usinukuu kauli mbiu. Haas ina kanuni nne za uongozi, mojawapo ni kujiamini bila majivuno, nao wamezisoma kwenye insha mpaka zimewachosha. Mwombaji anayeandika kwamba anajiamini bila majivuno ameshajivuna.

Fedha na viza

Hapa hakuna njia laini. Misaada ya kifedha kwa wahamiaji ni michache kuliko kwa wanaotoka sekondari, na kwa wahamiaji wa kimataifa ni haba zaidi. Shule nyingi huzingatia uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua. Vyuo binafsi vingi hutaka fomu ya CSS Profile, inayoeleza hali ya kifedha ya familia yako. Katika vyuo vya namna hiyo, usipoomba msaada wakati wa kuomba nafasi, unaweza kufungiwa mlango huo kwa miaka yote ukiwa pale, kwa hiyo usiache kuomba kwa matumaini ya "nitaomba nikifika."

Transkripti ya nje ya Marekani hutakiwa mara nyingi kutathminiwa somo kwa somo na taasisi ya tathmini inayotambuliwa, kama WES. Tathmini ya jumla, inayosema tu kwamba umesoma mwaka mmoja wa chuo, ni ya bei nafuu na haisaidii kitu hapa.

Kama tayari uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni) huhamishwa na ofisa wa chuo unachotoka, kwa tarehe mnayokubaliana. Kuanzia hapo chuo kipya ndicho kinachokupa I-20, hati ya chuo inayothibitisha hadhi yako ya mwanafunzi. Masomo mapya yanatakiwa yaanze muhula unaofuata au ndani ya miezi mitano. Usiruhusu rekodi ihamishwe kabla hujaamua kwa hakika, kwa sababu tarehe ikishapita chuo cha zamani hakiwezi kuivuta tena. Anayetoka nje ya nchi hulipa ada ya SEVIS, dola 350, kabla ya usaili wa viza, na huonyesha fedha za mwaka wa kwanza.

Baada ya barua ya kukubaliwa

Kukubaliwa huja na masharti. Masomo yote uliyosema utayamaliza unatakiwa uyamalize, kwa alama isiyoporomoka. Kuacha somo moja mwezi wa Aprili bila kutoa taarifa ndiyo njia ya kawaida ya kupoteza nafasi iliyokwisha kupatikana. Kama lazima uliache, andika barua kwanza, subiri jibu, ndipo uliache.

Kabla ya kulipa fedha ya kushikilia nafasi, omba tathmini ya krediti kwa maandishi: somo gani limepokelewa kama nini, na mihula mingapi imebaki hadi kuhitimu. Kuna shule zitakazokuambia tathmini hufanyika baada ya malipo. Omba hata makadirio, kwa sababu tofauti ya somo moja la takwimu inaweza kuwa muhula mzima wa ada. Somo likiwa limewekwa kwenye krediti za hiari na wewe unaamini ni la lazima, kata rufaa kwa idara yenyewe badala ya ofisi ya msajili, ukiambatisha muhtasari wa wiki kwa wiki, jina na toleo la kitabu kilichotumika, na mtihani mmoja uliosahihishwa. Idara ya takwimu ikiona rigresheni imefundishwa wiki ya 9 hadi 12, ina kitu cha kulinganisha. Muhtasari wa ukurasa mmoja wenye tarehe za mitihani tu hurudishwa ulivyo, kwa hiyo mwombe mwalimu wako toleo refu kabla hajaondoka kwa likizo ya kiangazi.